Nina lenzi ya 50 na akiba ya laki 4: nijiandaeje kupiga picha Sauti za Busara?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nimenunua Canon ya mtumba yenye lenzi yake ya 18-55, na rafiki yangu amenipa 50mm f/1.8. Februari nataka kwenda Zanzibar, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, kwa mara ya kwanza. Niliwahi kupiga onyesho la usiku hapa Morogoro, karibu picha zote zikatoka na ukungu, na nyuso za wasanii zikawa za zambarau. Nimeweka akiba ya laki 4. Ninunue flashi, au lenzi ndefu ya 75-300? Na nibebe nini kingine?

JIBU: Dada yangu, usinunue flashi, na hiyo 75-300 iache dukani. Lenzi unayoihitaji unayo tayari, ni hiyo 50 uliyopewa. Laki 4 yako ina kazi nyingine, nitaifikia.

Tuanze na ukungu. Usiku kamera ikikosa mwanga huacha shata wazi kwa muda mrefu, na msanii wakati huo anaruka, anageuka, anatupa mkono. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake la kuingizia mwanga linaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Ile 50 ukiifungua hadi f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa hesabu ya jukwaani ni hivi: unataka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde ili mwimbaji asitoke na ukungu. Pale ambapo f/5.6 ingekudai ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 12800 na picha ijae chengachenga, f/2 inaridhika na ISO 1600. Lenzi ya 75-300 ya bei nafuu ina ugonjwa uleule wa f/5.6, na ukivuta mbali kila mtikisiko wa mkono wako unaonekana.

Utauliza, je, 50 itafika? Kwenye kamera nyingi za Canon za mtumba, zenye sensa ndogo, 50 inaona kama 80, yaani inavuta karibu zaidi, na jukwaa kuu liko ndani ya Ngome Kongwe. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake ndizo zinazolibana tamasha likawa la karibu. Ukiwahi ukasimama mbele, unapata mtu kuanzia kiunoni hadi juu. Ile 18-55 itumie jioni mwanga ungalipo. Februari jua linazama kama saa 12 na dakika 40. Piga nayo watu wanaoingia, mafundi wanaofunga nyaya, ukuta wa ngome ukiwa bado una rangi yake.

Flashi jukwaani hapana. Inafuta taa zote ambazo fundi amezipanga, inamwaga mwanga mkavu usoni, na inamsumbua anayeimba. Matamasha mengi yanaikataza, na hata pasipokatazwa mimi siitumii.

Sasa kipimo cha mwanga, ambacho naona wengi wanakipita haraka. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe. Ukiiachia ijipangie yenyewe, inaona weusi wote ule nyuma ya msanii, inadhani eneo zima lina giza, inaongeza mwanga, na uso unaungua. Kwa ngozi zetu uharibifu huanza pale jasho linapong'aa: paji la uso, ncha ya pua, juu ya mashavu. Basi subiri taa nyeupe imwangukie, piga moja, ikuze kwenye skrini utazame paji la uso. Kama mng'ao umegeuka doa jeupe lisilo na kitu ndani, shusha ISO hatua moja, mfano kutoka 1600 hadi 800. Ukiona matundu ya ngozi na matone ya jasho, umefika. Acha mipangilio hapo hapo na urudishe jicho kwenye kamera. Anza na f/2, 1/250, ISO 1600, kisha rekebisha. Wacheza ngoma wanataka 1/500. Mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) aliyekaa anakuruhusu ushuke hadi 1/125, na vidole vyake vikitoka na ukungu kidogo si kosa.

Zile nyuso za zambarau zinatokana na taa za LED. Taa nyekundu na bluu zikimwangukia mtu kwa pamoja, hakuna rangi nyingine ya kumpigia; kamera imeandika kile kilichokuwepo. Piga RAW (faili ghafi la kamera), si JPEG peke yake, ili uwe na nafasi ya kusahihisha nyumbani. Mizania ya nyeupe (white balance) usiiache kwenye Auto, ifunge kwenye kama 4000 K, picha zako zote ziwe na msingi mmoja. Kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, tazama mstari mwekundu na wa bluu kila mmoja peke yake, kwa sababu rangi moja inaweza kuwa imeshaungua huku jumla ikionekana salama. Zaidi ya hapo ni subira. Fundi wa taa anafuata wimbo: mara nyingi kiitikio kinakuja na rangi, na maneno ya utulivu yanakuja na taa ya joto au nyeupe. Sikiliza wimbo, baada ya beti mbili utajua lini uso utawaka vizuri. Picha nzuri iliyokataa kabisa kusahihishika igeuze nyeusi na nyeupe.

Ukiona mistari ya giza imekatiza picha, ni taa zinazopepesa kwa kasi ambayo jicho halioni. Shusha kasi hadi 1/125 au 1/100 kwa wimbo huo.

Turudi kwenye laki 4. Betri ya pili kwanza, maana betri ya kamera ya mtumba huwa imechoka na shughuli inaanza jioni ikaenda hadi usiku wa manane. Kadi 2 za GB 64 ni bora kuliko moja ya 128, kwani ikifa moja unabaki na nusu ya kazi. Picha moja ya RAW ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30, hivyo GB 64 inatosha kwa usiku mmoja. Halafu viziba masikio, na hivi nakuomba usivipuuze. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha saa 8 kwa sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Wewe utasimama mbele ya spika usiku kucha. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayarudi.

Kitakachobaki kiweke kwenye malazi ya karibu na ngome na nauli. Kutembea peke yako usiku wa manane na kamera kwenda mtaa wa mbali sikushauri.

Zanzibar ya Februari ni joto na unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi inajaa mvuke papo hapo. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, na usiifungue kubadili lenzi kabla ya hapo. Kwenye boti kutoka Dar, mwendo wa kama saa 2, usikae nje kamera ikiwa begani. Chumvi ya bahari inakula. Ukifika futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Kibali kishughulikie mapema, miezi kadhaa kabla. Andikia ofisi ya tamasha, waambie picha zitatumika wapi, ambatanisha kazi zako bora, hata kama ni za harusi na sherehe za mtaani. Waulize pia kama mwenye tiketi ya kawaida anaruhusiwa kuingia na kamera ya kubadili lenzi, usije ukazuiwa mlangoni. Mkipewa nafasi mbele ya jukwaa, desturi ya matamasha mengi ni nyimbo 3 za mwanzo, kisha mnaondoka. Kwa hiyo ingia ukiwa umeshapima mwanga, na waombe uwepo wasanii wanapojaribu sauti kabla ya onyesho. Utajua nani anasimama wapi na maikrofoni inaziba uso upande gani. Sogea hatua moja kushoto au kulia, isimfunike mdomo.

Nje ya ngome, kwenye bustani ya Forodhani na vichochoroni, omba kabla ya kupiga. Wapo wanawake wasiotaka kabisa kupigwa picha, na neno lao ni la mwisho. Vaa kwa staha ya mji, mabega na magoti yafunikwe. Bandarini na kwenye majengo ya askari kamera ibaki begini.

Ukibahatika kupata taarabu, usimpige mwimbaji peke yake. Mwimbaji wa taarabu anasimama mahali pamoja. Mwendo uko kwa mtuzaji, anayetoka kwenye viti huku anacheza, noti imeinuliwa juu, anakuja polepole hadi jukwaani. Kaa pembeni, wote wawili waingie kwenye fremu, na upige mkono wa mmoja unapokutana na mkono wa mwenzake. Hapo 1/125 inatosha.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, hamishia picha kwenye laptopu na kwenye diski ya nje au flashi ya USB. Kadi usiifute mpaka nakala ziwe sehemu 2. Kuchagua fanya asubuhi, ukiwa umelala kidogo, na picha za msanii mtumie mwenyewe zikiwa na jina lako.