Nilikuwa naiona tochi yake

Muheza, Ijumaa jioni

Mwanangu Mwanahamisi,

Salamu kwako, kwa mume wako na kwa wajukuu zangu. Sisi hapa hatujambo. Mama yako anauliza kama lile furushi la machungwa lilifika au lilipotelea njiani.

Siku ile ya arobaini ya baba yako mkubwa, watu walipokwisha kutawanyika na ninyi mnakunja majamvi, ulinifuata nyuma ya nyumba ukaniuliza: "Baba, ninyi mmekaa baraza moja miaka yote hii. Kweli hakuna aliyejua kwamba baba mkubwa anaumwa? Na kwa nini ninyi wazee hamtaki kupima saratani ya tezi dume?" Nikakujibu kwamba siku ya mtu ikifika imefika, nikaenda zangu. Lile halikuwa jibu. Wewe uliniuliza kwa adabu na mimi nikakukwepa. Nimekaa na swali lako wiki tatu, nikaona uso kwa uso sitaweza, bora niandike.

Swali lako la kwanza jibu lake ni hili: nilijua.

Nyumba yetu na ya kaka yangu zinatazamana, na vyoo viko nje, kama unavyokumbuka. Mwaka wa nne huu sasa naamka usiku kwenda haja ndogo. Ilianza mara mbili, ikawa nne, siku nyingine tano. Natoa tochi chini ya mto, navaa kanzu, natoka polepole mama yako asiamke. Nikifika nasimama, mkono ukutani, nangoja mkojo ambao umeniamsha kwa kunibana na sasa hautaki kutoka. Unakuja kidogo, unakatika, unakuja tena. Na nikiwa pale nilikuwa naiona tochi ya kaka yangu upande wa pili, inapita kwenye michungwa, inasimama, inazimwa. Naye alikuwa anaiona yangu. Kuna usiku tulitoka kwa wakati mmoja, na kila mmoja akazima ya kwake upesi akangoja gizani mwenzake aondoke kwanza. Asubuhi tunakutana barazani. "Umeamkaje?" "Salama." "Umelala?" "Fofofo."

Hayo tumeyafanya zaidi ya miaka mitatu, watoto wa tumbo moja.

Unisamehe kwa kuandika neno mkojo kwenye barua ya binti yangu. Nimelelewa kwamba baba hazungumzi na binti yake mambo ya chini ya kitovu, na sikuwahi kuona ubaya wa malezi hayo. Lakini mambo hayo hayo kaka yangu hakuyazungumza na wanawe, wala na mkewe, wala na mimi. Sasa nitakuandikia wazi.

Watu hudhani mzee asiyepima ni mtu asiyeelewa. Sisi tulikuwa tunaelewa. Redio tunayo, na mabango tumeyasoma. Unakumbuka Novemba 2014, Rais Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume kule Johns Hopkins, Baltimore? Hakuficha. Habari zilitangazwa nchi nzima, na aliporudi akaeleza mwenyewe hadharani kuhusu ugonjwa wake. Tulizungumza habari hizo barazani juma zima. Kaka yangu akasema, "Yule ni rais, ana madaktari Marekani. Mimi nikiambiwa ninao, nitakwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu, na mimi sikumjibu. Mzee Mandela naye alikutwa na saratani hiyo 2001, akatibiwa, akaishi hadi 2013. Hilo pia tulilijua. Mtu anaweza kulijua jambo miaka kumi na bado akaliona ni la wengine.

Kwa hiyo kilichotuzuia nini? Nimekitafuta sana ndani yangu.

Kwanza, tulikuwa na jina la kufunikia. Tuliliita uzee. Magoti yakiuma ni uzee, macho yakififia ni uzee, na mkojo nao tukautia humo humo. Na kweli tezi dume hukua kwa wanaume wengi wakizeeka, bila saratani yoyote. Daktari alinichorea kwenye karatasi: iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo umepita katikati yake, basi ikikua inaubana mrija. Ila saratani mara nyingi huanza pembeni mwa tezi, huko haibani kitu, na mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila dalili hata moja. Kwa hiyo mwenye shida ya mkojo si lazima awe na saratani, na asiye na shida si lazima awe salama. Hili la pili sikulijua, mwanangu. Nilidhani mwili ungenigongea mlango kwanza.

Pili, tulikuwa tunajificha, na kujificha ni kazi ya kutwa. Nilikuwa sinywi chai baada ya alasiri. Harusini nakaa karibu na mlango. Ile mara nilipokuja kwako mtoto alipozaliwa, ukashangaa nimefika midomo imekauka nikamaliza jagi zima la maji, ni kwa sababu sikuwa nimenywa tone tangu usiku wa jana yake. Na bado haikunisaidia. Tulipita Segera vizuri, mbele ya Mkata basi likasimama tuchimbe dawa. Vijana wakashuka, wakamaliza, wakapanda. Mimi nimesimama nyuma ya kichaka, jua kichwani, nangoja. Dereva akapiga honi. Konda akaita, "Mzee, twende!" Kadiri anavyoniita ndivyo mkojo unavyokataa. Nikapanda vile vile, nikakaa hivyo mpaka Chalinze, jasho linanitoka. Abiria wa pembeni yangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo.

Mtu aliyezoea kusema uongo wa namna hiyo kwa miaka, hawezi tu siku moja kuamka akamweleza daktari ukweli.

Jambo la tatu mama yako ndiye aliyenifungua macho. Yeye hospitali ameizoea akiwa mzima. Tangu mimba ya kaka yako mkubwa amekwenda kliniki na kadi yake, akapimwa presha, akapimwa damu, akarudi nyumbani akapika. Kwake kupimwa ni safari ya kawaida. Mimi mara ya mwisho kupimwa nikiwa mzima ni siku nilipoajiriwa ukarani wa mizani kule kwenye mkonge, na nilikuwa kijana sijaoa. Baada ya hapo kila nilipoingia hospitali nilikuwa naumwa hoi, au nampeleka mtu, au nakwenda kuchukua maiti. Wanaume wengi wa rika langu ni hivyo. Tunaijua hospitali kwa mlango wa mauti tu, halafu tunaambiwa tuende pale kwa hiari yetu huku tunatembea wenyewe!

Na nilikwenda mara moja, mwaka juzi, sikumwambia mtu. Nikafika dirishani nikamnong'oneza binti aliyekuwa anaandikisha, wa umri wako hivi. Hakunisikia. Akauliza tena, kisha akageuka akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu mzee ana shida ya mkojo, anaingia chumba gani?" Benchi zima likanitazama, na katika benchi lile alikuwepo mkwe wa jirani yetu. Nikasema nimesahau karatasi, nikatoka. Sitaitaja hospitali yenyewe, na yule binti sidhani alikusudia ubaya, alikuwa na watu wengi. Lakini wewe unafanya kazi dukani kwenye dawa, wanakuja kwako wazee. Mzee akinong'ona, mwinamie umsikilize.

Kipimo cha kidole, kile cha daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, nacho nikuambie, maana ndicho wanaume wanachokitaja mbele wakicheka. Barazani kikitajwa tu, kicheko, na mazungumzo yameishia hapo. Kaka yangu alisema hawezi kufa ameaibishwa. Wengi hawajui kwamba kipimo kinachoanza mara nyingi ni cha damu inayotolewa mkononi, wanakiita PSA. Mimi nimepimwa vyote viwili. Cha kidole hakikufika dakika moja, na daktari aliniambia kila hatua kabla ya kuifanya. Nilipovaa suruali yangu nililia, si kwa aibu. Nilimkumbuka kaka yangu kitandani, jinsi alivyokuja kufunuliwa na kugeuzwa na watu wasiohesabika, wanawe wakiwemo, bila nguvu ya kumkataza mtu.

Yeye ulianza mgongo. Mwaka mzima tulikuwa tunamchua na kumkanda, tukasema ni kupanda michungwa, ni kubeba matenga. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Saratani hii ikitoka kwenye tezi mara nyingi hukimbilia mifupa, uti wa mgongo na nyonga. Tulipompeleka alikuwa hawezi kusimama. Na lile alilokuwa akiliogopa kuliko yote, kwamba akipima shamba litauzwa, ndilo lililotokea kwa sababu hakupima. Machungwa ya msimu ule tuliyauza yakiwa bado maua, kwa bei aliyotaka mchuuzi, tupate gari la kumpeleka Dar es Salaam. Madaktari wa hospitali ya saratani ya Ocean Road walimpunguzia maumivu, Mungu awalipe. Zaidi ya hapo muda ulikuwa umekwisha.

Nilikwenda kupima siku ya nne baada ya kuzungumza nawe. Mama yako alinisindikiza, akakaa nje. Daktari akaniuliza, "Baba yako au ndugu wa tumbo moja amewahi kuugua saratani ya tezi dume?" Nikamwambia kaka yangu, tumetoka kumzika. Akaacha kuandika, akaniambia mwenye baba au ndugu aliyeugua hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine, na sisi watu weusi inatushika zaidi. Kati ya saratani za wanaume hapa Tanzania hii ndiyo inayoongoza. Akauliza pia kama kuna mwanamke wa ukoo wetu aliyeugua ya matiti, kwa kuwa kuna urithi katika damu unaoweza kuziunganisha hizi mbili. Nilimtaja shangazi yangu wa Pangani. Kwa hiyo na wewe, mama, lichukue hilo ulifikishe kwa daktari wako.

PSA yangu ni 11. Huwa wanaanza kuangalia kwa makini ikizidi 4. Haina maana kwamba ninayo: tezi iliyokua tu inaweza kuipandisha, na hata maambukizi ya njia ya mkojo. Ndiyo maana wanataka kuchukua kinyama kwa sindano wakakitazame. Hapa mtaani watakuambia saratani ikiguswa na sindano inasambaa, na mjomba wako ameshakuja na maneno hayo. Nilimuuliza daktari. Akasema si sindano inayosambaza, ni kwamba wengi huchomwa wakati tayari imeshasambaa, basi lawama inaangukia sindano. Akasema tena kwamba hata wakiikuta, nyingine hukua polepole mno, mtu akafuatiliwa tu kwa vipimo bila kukatwa. Kwa hiyo mpaka sasa sijui. Usiku naogopa. Lakini hofu hii ni nyepesi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mama yako anaijua, tunaamka wote.

Jumapili niliwaita kaka zako wawili na wale watatu wa baba yako mkubwa, nikawaketisha pale pale barazani. Niliwasomea cheti changu, namba na yote. Nikawaambia wao wasingoje hamsini, wakifika arobaini na kitu wakazungumze na daktari, wamtajie ndugu yangu kwa jina. Yule mkubwa wa marehemu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Walipoondoka akabaki. Akaniuliza, "Baba mdogo, na wewe ulikuwa unamwona akitoka usiku?" Nikamwambia nilikuwa namwona. Akanyamaza. Sikuwa na la kumwongezea, nikamshika mkono tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Nimepangiwa Jumanne ijayo huko Dar es Salaam. Nitapanda basi la asubuhi, unipokee stendi ya Mbezi. Mama yako anasema niulize kama mume wako atakuwa safarini, ili ajue kama aje naye. Usipike kitu kizito, wamenipa vidonge vya kumeza kabla na karatasi ya masharti, nitakuja nayo uisome wewe mwenyewe.

Chai nitakunywa hapa kabla ya kuondoka. Basi likisimama mbele ya Mkata, nitamwambia konda kabla sijashuka kwamba mimi ni mgonjwa, nachelewa, wanisubiri.

Ni mimi baba yako