Wazee Wanaotoboa Miti

SWALI: Mhariri, shikamoo. Binti yangu anasoma Vermont, Marekani, na amepanga kwa wazee wawili, mume na mke, waliostaafu ukulima. Ananiambia kwamba tangu mwezi Machi wanatoboa miti na kukesha wakichemsha maji yake. Je, ni dawa? – Mama, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo si dawa, ni shira. Baridi inapoanza kulegea, usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha, utomvu wa miti ya mepo (kwa Kiingereza maple) hutiririka kupitia tundu lenye kina cha sentimita 4 au 5, ukadondoka ndooni tone kwa tone, mwepesi kama maji na wenye utamu wa mbali sana. Jasho liko kwenye kuchemsha, kwani lita 40 hivi za utomvu hutoa lita 1 tu ya shira. Ndiyo maana mzee huchochea kuni hadi usiku wa manane huku mkewe akiengua povu (wagema wetu wa mnazi wataielewa subira hiyo). Machipukizi yakianza kufumuka, ladha huharibika, nao wazee hung'oa vibomba walivyochomeka kwenye matundu wakageukia bustani. Barabara zisizo na lami huwa tope tupu majira hayo, kwa hiyo binti anunue mabuti ya mpira.