Wote wanang'aa kijani, lakini si wamoja

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Pangani. Nimekutumia picha tatu nilizopiga kwa simu hapa nyumbani: ya kwanza kwenye uchanja ambapo mama huanika ng'onda, ya pili kwenye jani la mpapai, ya tatu ukutani. Wote wanametameta kijani. Mama anasema ni nzi wa chooni haohao, niwapulizie dawa wote. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wa ukutani, maana huyo si nzi. Ikuze picha uhesabu mabawa: ana manne, na nzi ana mawili tu. Vipapasio vyake ni virefu, vimepinda kama kiwiko, ilhali vya nzi ni vifupi mno, vimejificha usoni. Halafu tazama mgongo, umejaa vishimo vidogovidogo kama kastabini ya mshonaji. Huyo ni nyigu wa jamii ya Chrysididae. Hutaga mayai yake ndani ya viota vya nyigu wengine, na nadhani ukutani hapo mna vile viota vya udongo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliandika "nzi" chini ya picha ya mdudu kama huyu, na mpaka leo kila kijani kinachong'aa nakihesabu mabawa kwanza.

Rangi ndiyo inayotupoteza. Kijani hicho hakitokani na wino wowote. Ni mwanga unaogonga tabaka nyembamba za gamba la mdudu na kurudi. Nimewahi kumpiga picha nzi mmoja mara nne juu ya ganda la embe: kivulini alikuwa buluu, juani kijani, alipogeuka akawa kama shaba. Kwa hiyo mtu akiniambia "nzi wa kijani", bado hajaniambia kitu.

Wa mpapai ni nzi kweli, wa jamii ya Dolichopodidae. Ni mwembamba, hata punje ya mchele haifikii, na amesimama juu ya miguu mirefu kana kwamba jani linamuunguza. Nyuma ya bawa utaona kijifundo chenye shina, mfano wa kirungu. Hicho ndicho bawa la pili lililogeuka kuwa kifaa cha kumpa mizani anaporuka. Umeniambia picha nyingine tano zilitoka jani tupu. Ulitumia flashi, bila shaka. Nzi hawa huruka mwanga unapopiga tu. Zima flashi. Huyu ni mwindaji, anakula vidukari na utitiri, na samaki wa mama hana haja nao.

Sasa wa uchanjani. Ni mnene, na tumbo lake lina mstari mweusi mwishoni mwa kila pingili, kama muwa. Mgongoni nywele ngumu ni chache na dhaifu. Hiyo yanipeleka kwenye Chrysomya, kundi moja la nzi wa mizoga. Angekuwa Lucilia, kundi jingine la nzi wa kijani, tumbo lingekuwa la rangi moja bila mistari hiyo, mgongo ungekuwa na nywele nene zilizosimama, na uso wa kijivu kama fedha. Mashavu ya huyu wako ni ya chungwa na macho mekundu makubwa yamegusana juu ya kichwa, basi naona ni dume la Chrysomya megacephala, yaani "kichwa kikubwa". Jina la kwanza nalishika kwa mikono miwili; la pili kwa mkono mmoja, kwa kuwa picha ni ya ubavuni tu.

Kwa huyu mama hajakosea. Anazaliana kwenye kinyesi na mizoga, kisha anatua kwenye samaki ambaye hajakauka vizuri. Lakini tafadhali, dawa ya kuulia wadudu isipulizwe karibu na chakula. Mtieni samaki chumvi ya kutosha na mfunike uchanja kwa chandarua chenye matundu madogo, hasa siku ya kwanza samaki akiwa bado na majimaji.

Ukimpata mwingine, nenda asubuhi mapema kabla jua halijampa nguvu, umpige picha kwa juu, ubavuni na usoni. Usoni ndiko ninakokuhitaji zaidi: macho yakiwa yameachana ni jike, na jike ndiye anayetaga kwenye ng'onda.