Giselle wa kwanza au Giselle ya kwanza?

SWALI: Natafsiri makala ya historia ya baleti. Niliandika "Mnenguaji Carlotta Grisi alianzisha Giselle mwaka 1841." Mhariri akakata "alianzisha", akaweka "alicheza kama Giselle". Nani kapatia? – Mtafsiri, Morogoro

JIBU: Mhariri alikuwa na haki ya kukata, ila alichoweka nacho kina kasoro.

Anayeanzisha kitu ndiye anayekifanya kiwepo: chama, shule, hata ugomvi. Kwa sentensi yako, msomaji ataamini baleti nzima ni ya Grisi. Lakini baleti hiyo, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Juni 1841, muziki wake ni wa Adolphe Adam, na uchezaji wake ulibuniwa na Jean Coralli pamoja na Jules Perrot (huyu wa pili hakutajwa rasmi, ingawa ndiye aliyempangia Grisi hatua zake). Grisi alikuwa wa kwanza kupanda jukwaani akiwa Giselle, yule msichana wa kijijini katika hadithi ya baleti hiyo. Nadhani kilichokuponza ni lugha uliyokuwa ukiitafsiri. Wafaransa, kwa mfano, husema mchezaji wa kwanza "ameumba" nafasi. Kwetu kuumba kuna mwenyewe.

Tuje kwa "kama". Tukisema mtoto wa jirani anacheza kama Messi, tunamsifu, na papo hapo tunakiri kwamba Messi si yeye. "Alicheza kama Giselle" ina hatari hiyohiyo. Andika "alicheza nafasi ya Giselle kwa mara ya kwanza", au kwa ufupi ninaoupenda zaidi: "Grisi ndiye Giselle wa kwanza."

Hiyo "wa" usiidharau. Giselle wa kwanza ni mtu, yaani mhusika na aliyemcheza. Giselle ya kwanza ni baleti yenyewe, onyesho la 1841. Herufi moja tu, na maana imehama.

Tofauti hii itakufaa sana ukifika kwenye baleti ya Ziwa la Bata Maji (Swan Lake), ambako waandishi wengi huteleza. Ya kwanza ilichezwa Moscow mwaka 1877, na Odette wa kwanza, yaani mhusika mkuu wa kike, alikuwa Pelageya Karpakova. Haikuvuma. Mwaka 1895 Marius Petipa na Lev Ivanov waliipanga upya huko St. Petersburg, safari hii Odette akiwa Pierina Legnani, na matoleo mengi ya leo yametokana na hiyo. Kwa hiyo usimwite Legnani "Odette wa kwanza" ukaishia hapo. Sema "Odette wa kwanza wa toleo la 1895", Karpakova asidhulumiwe.

Jambo ambalo hukuuliza: Grisi ni mcheza baleti. Kunengua ni kazi ya kiuno, na ukimwita mnenguaji, msomaji wa Dar es Salaam ataanza kuuliza alikuwa bendi gani.