Kiazi, Sahihi na Picha ya Daraja la Paris

SWALI: Nilinunua picha ya rangi za mafuta kwenye gulio la vitu vya kale mjini Lille. Inaonyesha mto Seine na daraja lililojengwa nyumba juu yake. Imegeuka manjano, na pembeni mwa chini kuna maandishi yanayoelekea kuwa "Raguenet". Nimesikia kwamba kiazi kibichi huondoa uchafu bila kudhuru rangi. Je, niisafishe ili mwaka usomeke kabla sijaipeleka kwa mthamini?

JIBU: Usiisafishe, wala usiipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Nicolas-Jean-Baptiste Raguenet (1715–1793) hatajwi sana nje ya Ufaransa, nami naona hajatendewa haki, kwa sababu ni wachache waliotuachia madaraja, gati na viwanja vya Paris kama yeye. Picha zake nyingi zimo katika Jumba la Makumbusho la Carnavalet, Paris. Ukiisogelea ile ya mwaka 1756 inayoonyesha mashindano ya wanamaji chini ya daraja la Notre-Dame, utakuta watazamaji ni vidoa vya rangi, na fremu za madirisha ni mistari myembamba iliyopitishwa mwishoni kabisa, juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Mistari ya namna hiyo ndiyo inayotangulia kuondoka picha inaposuguliwa.

Hapo ndipo lilipo kosa ninaloletewa kila mara: watu huita "uchafu" kitu ambacho kwa kawaida ni vanishi. Utomvu uliopakwa kuikinga picha hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na kiazi hakiuyeyushi. Kinachofanyika ni kwamba maji na wanga wa kiazi hupenya katika nyufa, gundi iliyo chini ya rangi huvimba, na baada ya miezi kadhaa rangi huanza kubanduka vipande vipande, wakati aliyetoa ushauri ameshahamia kwenye video nyingine ya kusifu mkate, kitunguu au sabuni ya vyombo. Ni kweli kwamba sisi wahifadhi hutumia hata mate kwenye kijiti chenye pamba, lakini ni kwa vumbi la juu ya vanishi tu, baada ya kujaribu sehemu ndogo isiyoonekana, na tukiwa na hadubini mezani.

Kuhusu sahihi, huo mwaka unaoutafuta hautakusaidia kama unavyodhani. Jina ni kitu chepesi kuongezwa kuliko vyote vilivyomo pichani. Chukua lenzi ya kukuzia uangalie herufi zinapokutana na nyufa: herufi za zamani hupasuka pamoja na rangi iliyo chini yake, ilhali rangi iliyoongezwa baadaye hutiririka ndani ya ufa na kuujaza. Chini ya taa ya urujuanimno, vanishi kuukuu ya utomvu hung'aa kijanikijani, na maandishi yaliyowekwa juu yake huonekana meusi. Ukiiondoa vanishi hiyo, unaondoa pia ushahidi ambao ungeweza kuonyesha kwamba jina ni la kubandika, na hapo hata mthamini mwaminifu hatakuwa na la kukwambia.

Vilevile, nyumba zilizo juu ya daraja hazithibitishi umri wa picha. Nyumba za daraja la Notre-Dame zilibomolewa kuanzia mwaka 1786, lakini mnakili wa karne ya 19 aliweza kuzichora kutoka kwenye picha au chapa za zamani. Na muuzaji akikuambia kwamba hilo ni Pont-Neuf, jua hajui anachokiuza, kwani daraja hilo halikuwahi kujengwa nyumba za kukaa watu. Uchunguzi wa rangi una uzito zaidi: nyeupe ya titani haikuwapo sokoni kabla ya karne ya 20, hivyo ikionekana katika mawingu, na mawingu hayo si marekebisho ya baadaye, mjadala umekwisha.

Haya yanahusu picha yoyote ya mafuta, iwe ya Raguenet, ya msanii asiyejulikana, au sura ya babu iliyoning'inia sebuleni. Jihadhari na dalali anayekuuzia picha "iliyosafishwa vizuri", na fundi wa fremu anayejitolea kuing'arisha kwa bei nafuu. Piga picha za mbele, za nyuma, na za misumari na mbao za fremu ya ndani. Kisha ifunge kwa karatasi isiyo na asidi, uibebe ikiwa wima, na umwambie mthamini waziwazi kwamba haijaguswa.