Kaburi la Baden-Powell: jiwe tulisugue au tuliache?

SWALI: Mwanangu ni skauti, na mwezi Februari nitamsindikiza yeye na wenzake hadi Nyeri kulizuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti. Kiongozi wao anataka tubebe chaki na brashi ya waya ili maandishi yatokee vizuri kwenye picha. Inafaa? Na tukishaliona jiwe, kuna jingine la kuona?
– Mama wa Skauti, Nakuru

JIBU: Mama, chaki na brashi ziacheni nyumbani, tena zungumza na kiongozi kabla ya safari, msije mkabishana mbele ya watoto. Chaki huingia katika vinyweleo vya jiwe, na herufi iliyokwanguliwa kwa waya haikui tena. Mkitaka maandishi yatokee, fikeni asubuhi jua likiwa bado chini. Likiwa limeshapanda, mmoja asimame kando ya jiwe na kioo, aelekeze mwanga upite kimshazari juu ya maandishi. Kivuli kitaingia ndani ya kila herufi na picha itatoka safi.

Kaburi liko katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, la Kianglikana. Kwenye jiwe pana duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiweka njiani kusema nimekwenda nyumbani. Usiwaonyeshe watoto; waache waitafute. Mzee alifariki tarehe 8 Januari 1941, na majivu ya mkewe Olave, aliyefariki 1977, yaliletwa akazikwa naye. Karibu na 22 Februari, siku aliyozaliwa mzee, skauti huwa wengi pale, kwa hiyo kama mnataka utulivu chagueni tarehe nyingine.

Wengi wanamjua kwa skafu tu, ilhali jina lake lilivuma kwanza vitani. Aliongoza ulinzi wa mji wa Mafeking, Afrika Kusini, uliozingirwa na Makaburu kwa siku 217 kati ya 1899 na 1900. Watoto waambiwe pia habari za Wabarolong, Waafrika wenyeji wa pale, waliobeba bunduki kuulinda mji uleule, na jinsi njaa ilivyowauma Waafrika kuliko wazungu mle ndani. Hilo halikuandikwa kwenye jiwe, na mimi nisingependa mtoto aondoke pale bila kulisikia.

Katika makaburi hayohayo amezikwa Jim Corbett, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi na mwindaji wa chui na simba-marara wala watu kule India. Alifariki 1955.

Halafu, nakuomba sana, msitoke Nyeri kabla ya kupita makaburi ya vita. Huko wamelala askari wa Vita Kuu ya Pili, wakiwemo Waafrika. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kwa vita ile huhudumia waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akarudi hai, akafa mzee; kaburi lake liko shambani, halina jiwe, na lisipopaliliwa na sisi halipaliliwi. Kila mtoto achague askari mmoja, asome jina lake kwa sauti, kisha aandike cheo, kikosi na tarehe kwenye daftari lake. Wakirudi shuleni, waulize nyumbani kama kuna mzee wa ukoo aliyekuwa Keya, na amezikwa wapi.