Siku moja Bratislava: nianzie wapi?

SWALI: Mwezi ujao nitakuwa Vienna kikazi, na Jumamosi sina ratiba. Nimeshauriwa nipande treni niende Bratislava, nirudi jioni. Je, siku moja inatosha? Natamani kuuona mji ulivyokuwa enzi za ukomunisti, maana makasri nimeshayaona ya kutosha.

JIBU: Inatosha, ndugu yangu, ila usianzie wanapoanzia wengi. Safari ni kama saa moja, na Slovakia inatumia yuro tangu 2009, kwa hiyo hutabadilisha fedha. Pasipoti iwe mfukoni.

Tafuta treni inayoishia Petržalka, ng'ambo ya mto Danube. Huko ndiko ziliko paneláky, magorofa ya vipande vya zege vilivyotoka kiwandani tayari, yaliyojengwa zaidi miaka ya 1970 na 1980. Watu zaidi ya laki moja wanaishi huko. Mengi yamepakwa rangi, lakini ukisogea karibu utaona mistari pale kipande kilipoungana na kingine.

Kisha vuka kwa miguu daraja la SNP (herufi za Kislovakia za Uasi wa Kitaifa wa Slovakia). Lilifunguliwa 1972, na juu ya mnara wake kuna mkahawa wa duara unaoitwa UFO. Njia ya waendao kwa miguu iko chini ya ile ya magari. Nilikuwa nimeshika ukingo, na kila lori lilipopita juu yangu nilisikia chuma kinatetemeka kiganjani.

Ukishavuka, usikimbilie mji mkongwe. Barabara ya daraja inapita ubavuni kabisa mwa kanisa kuu la Mtakatifu Martin, walikotawazwa wafalme wa Hungaria tangu 1563 hadi 1830. Ili ipite, sehemu kubwa ya mtaa wa Wayahudi ilibomolewa, pamoja na sinagogi lililokuwa jirani na kanisa hilo. Leo pana ukuta mweusi uliochorwa sura ya sinagogi. Nilisimama pale muda mrefu, magari yakivuma nyuma yangu, na roho iliniuma. Ukitaka kujua utawala ule wa kikomunisti ulikithamini nini na ukakidharau nini, pamoja na uzuri wote wa daraja lenyewe, tazama hapo.

Hatua chache mbele ni uwanja wa Hviezdoslav. Tarehe 25 Machi 1988 watu walisimama hapo na mishumaa, mvua ikinyesha, wakidai uhuru wa dini. Polisi waliwatawanya kwa maji ya mabomba yenye nguvu. Mwaka uliofuata, Novemba, utawala ule ulianguka.

Kasri liache kama miguu imechoka. Utakuwa umeshaliona vizuri ukiwa darajani.